Mtoto Aliyeangushwa na Shibe

Siku mliponiaga kazini, mmoja wenu aliniuliza ni mgonjwa yupi ambaye sijawahi kumsahau. Nilimjibu kwa mzaha kwamba sisi watu wa maabara hatuna wagonjwa, tuna chupa tu. Mkacheka, soda zikagawanywa, nikapewa blanketi na saa ya ukutani, zawadi ambayo sijui nani aliamua kwamba humfaa mtu asiye na pa kuwahi tena. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani Shieywe na halijaondoka. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki na zile chupa, nijibu kama nilivyopaswa kujibu siku ile.

Habari za vyeo sitaziandika. Mnajua nilipoanzia na nilipoishia, na umbali wenyewe si mkubwa. Nitaandika kuhusu miaka ya tisini, nilipokuwa mgeni wa kazi, kwa sababu mengi niliyokuwa nikiwasumbua nayo kila asubuhi niliyabeba kutoka kule.

Niliripoti hospitalini mvua ikinyesha, viatu vimejaa tope jekundu. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Ambetsa, mtu mrefu mwembamba aliyevaa koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa karibu kuonyesha shati ndani. Hakunitazama viatu. Alitazama mikono, akaniuliza kama hutetemeka. Nikasema hapana, huku inatetemeka. Akanionyesha beseni lenye slaidi chafu, na kwa muda mrefu kazi yangu ikawa kuziosha. Diploma yangu niliifungia kwenye sanduku, ikatulia huko.

Vifaa vyetu mngevicheka. Hadubini ilikuwa na kioo chini cha kukamatia mwanga, na stima ikipotea tuliibeba tukaisogeza dirishani kama mgonjwa anayepelekwa kuota jua. Mashine ya kuzungushia damu ilizungushwa kwa mkono, na baada ya siku nzima bega liliuma kama la mkata miwa. Kupima sukari, tulichanganya maji ya damu na dawa yake, tukayapasha joto kwenye maji, tukangoja rangi ya waridi itokee, kisha tukaisoma kwenye mashine ambayo Mzee Ambetsa peke yake ndiye aliyejua ipigwe kofi upande gani.

Ni yeye aliyenifundisha habari ya floraidi. Damu iliyo kwenye chupa bado iko hai, alisema. Seli zake zinaendelea kula sukari iliyomo, na ukiiacha mezani mpaka mtu amalize chai yake, utakayoipima ni njaa ya chupa, si ya mgonjwa. Floraidi ndiyo inayozizuia zile seli kula. Kwa hiyo damu ya kupima sukari iingie kwenye chupa yenye floraidi, na ifike maabara mara moja. Nilimwona akimrudisha muuguzi na chupa yake mbele ya watu, bila ukali, kama anayemrudishia mtu kofia aliyoisahau. Mliponiita mkorofi kwa ajili ya chupa zile, mlikuwa mkimtukana Mzee Ambetsa, basi.

Miaka ile haikuwa mizuri. Kulikuwa na ule ugonjwa ambao jina lake halikutajwa, na sisi wa maabara ndio tuliojua kabla ya mtu yeyote. Nilipima damu za watu niliosoma nao. Nilikutana nao sokoni wakanisalimu kwa furaha, nami nikaitikia nikijua nilichokijua. Dawa hazikuwapo. Mzee Ambetsa aliwahi kuniambia kwamba kazi yetu ni kujua, na kwamba nisitarajie kujua kumponye mtu. Nilidhani amechoka tu. Sasa naona alikuwa akinieleza masharti ya kazi.

Nechesa aliletwa hospitalini na mama yake, Rispa, kutoka upande wa Ekero, kule kwenye miwa. Baba yake alikuwa mkata miwa, na walikaa kwenye boma la mama yake baba, bibi ambaye kila mtu alimwita Kukhu, kama Waluhya wanavyowaita nyanya zao. Mtoto alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Alipokuwa akinyonya hakuwa na shida yoyote. Tangu aanze chakula cha watu wazima, degedege likamwingia. Alikuwa akikakamaa, macho yanageuka, jasho linamtoka, kisha analala kama aliyekufa.

Huku kwetu mtoto wa degedege ni mtoto wa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hata ikithibitika bado anapewa dawa ya malaria. Slaidi yake niliisoma mimi. Sikuona kimelea hata kimoja. Mzee Ambetsa akaisoma baada yangu, naye hakuona. Wodini walikuwa wameshamtundikia kwinini. Tulipopima sukari ikawa chini sana, na jibu hilo halikumshtua mtu, kwa sababu malaria huteremsha sukari, na kwinini nayo huiteremsha. Walioona kwamba hana malaria walisema basi damu ilichelewa mezani. Kila kitu kilikuwa na maelezo yake. Akatiwa dripu ya sukari, akaamka, akacheka, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Akarudi. Akaruhusiwa, akarudi tena. Mara hii aliandikiwa dawa ya kifafa. Na kwa kuwa alikuwa amekonda, wauguzi wakamweka kwenye kona ya watoto wa utapiamlo, ambako kila asubuhi walipewa maziwa na yai. Wenzake wakaanza kunawiri. Yeye kila asubuhi, baada ya kumaliza kikombe chake, alikakamaa.

Nilikuwa nimekwenda wodini kuchukua damu ya mtoto mwingine Rispa aliponishika mkono wa koti. Alikuwa msichana tu, mwenye sauti ya chini. Aliniambia maneno ambayo nadhani alikuwa ameshawaambia wengi.

“Sista, huyu mtoto haangukangi akiwa na njaa. Anaangukanga akishashiba.”

Nilimwambia nitamweleza daktari, kama tunavyowaambiaga wote. Lakini safari hii nilimweleza kweli. Daktari wa watoto wakati huo alikuwa Wekesa, kijana aliyekuwa bado anasoma vitabu hata baada ya kufaulu mitihani. Hakucheka. Alikwenda akakaa na Rispa kitandani, akamuuliza mtoto anakula nini, na baada ya kula nini anaanguka. Uji wa muhogo, hapana. Viazi vitamu, hapana. Maharagwe, wakati mwingine. Maziwa, mayai, kuku, ndiyo, karibu kila mara. Wekesa akaja maabara na kitabu kikubwa chini ya kwapa na akatuchorea kwa chaki ubaoni, mimi na Mzee Ambetsa tumesimama kama wanafunzi.

Chakula chenye protini, alisema, kikimeng'enywa tumboni huvunjika kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kimojawapo ni leusini, na hicho kimo kwa wingi kwenye maziwa, mayai na nyama. Leusini ikifika kwenye seli za kongosho huziamsha zitoe insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Kwa mtu yeyote hutoka insulini kidogo, mambo yanaendelea. Kwa watoto wachache sana seli hizo hudanganyika. Leusini ikiingia ndani yake, hufanya kana kwamba mwili umefurika sukari, zinamwaga insulini bila kiasi, na sukari kidogo iliyokuwamo inafagiliwa yote. Tumbo limejaa na ubongo unakufa njaa. Kwa nini seli zinadanganyika, kitabu chenyewe kilikiri kwamba hakijui vizuri.

Mzee Ambetsa aliuliza kama mahindi nayo yana leusini. Wekesa akatazama, akasema yanayo, na si kidogo, ila wanga wa ugali humkinga mtoto kiasi. Mzee akatikisa kichwa akarudi kwenye mashine yake.

Ilibidi tuhakikishe. Njia ilikuwa moja, kumpa mtoto maziwa matupu na kumpima sukari kabla na baada, dripu ikiwa tayari kando. Wekesa alimweleza Rispa bila kumficha, kwamba tunataka kumwangusha mtoto wake kwa makusudi, mbele ya macho yake, ili tujue. Rispa akauliza kama atainuka. Wekesa akasema tutamwinua. Basi akakubali, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kikombe, kwa sababu Nechesa alikataa kunywa kutoka kwa mkono wa mtu mwingine.

Nilichoma kidole, nikatia damu kwenye chupa yenye floraidi, nikakimbia nayo. Nikarudi nikachoma tena. Mzee Ambetsa alikuwa maabara akipasha, akisoma, akinipa matokeo ya chupa moja huku nikimletea nyingine. Rangi ya waridi ilikuwa ikififia chupa baada ya chupa. Niliporudi mara ya mwisho mtoto ameshalegea, nywele za kipaji zimelowa jasho, na Rispa anamwimbia kitu sikioni. Wekesa akafungulia dripu. Macho yakarudi. Niliporudi kuisoma chupa ile ya mwisho haikuwa na rangi yoyote ya kusoma.

Tulikuwa na furaha siku ile, siwezi kukana. Wekesa alitununulia chai na mandazi. Kujua kuna utamu wake, nanyi mtaupata. Ni baada ya chai ndipo alipotuambia kwamba iko dawa ya kuzituliza zile seli, vidonge vinavyotajwa kitabuni, na kwamba hajawahi kuviona kwa macho.

Mfamasia wetu hakuvijua. Kisumu hawakuwa navyo. Nairobi walisema waliwahi kuwa na kitu cha namna hiyo, cha sindano, cha watu wa shinikizo la damu. Wekesa akawaandikia marafiki zake ng'ambo, na mmoja akatuma kichupa. Msimu ule, dawa ilipokuwapo, Nechesa hakuanguka. Alinenepa mashavu. Alianza kusema, na neno alilolipenda lilikuwa “leta.” Rispa alimleta kila mwezi kupimwa, naye akinyoosha kidole mwenyewe kabla sijakiomba, huku amegeuza uso upande wa pili kama mtu mkubwa anayelipia kitu asichokubaliana na bei yake.

Kichupa kikaisha. Rafiki yule akatuma kingine ambacho hakikufika, na sijui kiliishia kwa nani wala kilimsaidia nini. Halafu Wekesa naye akaondoka. Madaktari wengi waliondoka wakati ule, wakaenda kusini, Botswana na kwingineko, na sikumlaumu hata mmoja. Siku ya mwisho alikaa na Rispa muda mrefu akimrudia masharti. Kabla ya chochote, uji wa muhogo wenye sukari. Maharagwe kidogo, na yaje pamoja na viazi. Maziwa matupu, mayai, kuku, asipewe. Sukari awe nayo popote aendapo. Rispa alikuwa akiifunga kwenye pindo la leso.

Sasa fikirini maisha yake kule bomani. Yeye ni mke wa mtu, anakaa kwa mama mkwe, na mtoto wake amekonda. Wageni wanakuja na yai mkononi kwa ajili ya mtoto, analipokea na halimfikii mtoto. Kuku anachinjwa Krismasi, kila mtu anapewa kipande chake, obusuma, ugali wetu, iko mezani, na mama anamwondoa mtoto wake kwenye sahani kama anayemfukuza paka. Alijaribu kuwaeleza. Lakini jaribuni ninyi kumweleza mtu aliyelea watoto wake wote na wajukuu, aliyeona wenye miguu iliyovimba kwa utapiamlo wakipona kwa maziwa na mayai, kwamba kwa huyu mmoja chakula kizuri ndicho kinachomwangusha. Kliniki yenyewe ilikuwa na picha ukutani ya mama anayempa mtoto yai. Kukhu hakuwa mjinga wala mkatili. Alimpenda Nechesa kuliko wajukuu wake wote, na alikuwa akimwona akifa njaa.

Rispa alishika mimba nyingine. Uchungu ulipoanza alipelekwa kujifungua, na Nechesa akabaki na Kukhu. Kabla ya kuondoka Rispa alipika uji wa kutosha, akauacha, akarudia masharti yote. Kukhu aliitikia kila sharti.

Niliyoyasikia baadaye ni haya. Asubuhi Kukhu alimpa mtoto maziwa, kidogo tu, akamwangalia. Hakuona kitu. Adhuhuri akamchinja jogoo aliyekuwa akimfuga kwa ajili ya mtoto huyo, akamchagulia maini na firigisi, akamlisha kwa mkono wake, bila ugali, ili tumbo lisijae kitu kisicho na maana. Nechesa alikula vyote. Kukhu alisimulia kwamba aliomba nyongeza, “leta, leta,” na kwamba hakuwahi kumwona mtoto akila kwa furaha namna ile. Kisha akalegea. Walimpakia kwenye baiskeli wakamkimbiza zahanati, na kule walimwona mtoto wa degedege wakafanya kile ambacho sote tungefanya. Walimdunga kwinini.

Rispa alirudi nyumbani na mtoto mchanga mikononi akakuta kaburi linachimbwa.

Alikuja maabara baada ya mazishi, kichanga kimefungwa kifuani. Hakulia. Aliniambia shemeji zake wanasema alimnyima mtoto chakula mpaka akaisha nguvu, kwamba alitaka kumuua tangu zamani, na kwamba mumewe hasemi kitu. Aliniomba niende nikawaeleze damu ilisema nini. Mimi si daktari, nikamwambia. Akanijibu kwamba daktari ameondoka na nimebaki mimi. Mzee Ambetsa, aliyekuwa akijiandaa kustaafu, alisikia yote kutoka kwenye kiti chake. Alisema niende, na kwamba nivae koti.

Nilikwenda Jumamosi. Boma lilikuwa katikati ya miwa, nyumba ya mabati na jiko la nyasi. Wanaume walikuwa wameketi nje, shemeji wawili na baba wa mtoto, mtu mpole mwenye makovu ya majani ya miwa mikononi. Rispa alikaa chini na kichanga chake. Kukhu alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Waliniambia hajala tangu mazishi, anakunywa maji tu.

Shemeji mkubwa alinikaribisha kwa heshima, akasema vizuri umekuja, sasa tuambie sisi tusiosoma kwa nini mtoto wetu alinyimwa chakula. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilijua nitaanza na maziwa, kisha leusini, kisha kongosho, kwa maneno mepesi. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Kukhu akazungumza, na hakumtazama yeyote ila mimi.

“Mwanangu, nilimpa kuku. Asubuhi nilimpa maziwa. Huyu alinikataza. Sema, ni mimi nilimuua?”

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa sahihi kama jibu lolote nililowahi kulitoa. Ndipo Rispa akasema, kwa ile sauti yake ya chini.

“Ilikuwa malaria, Kukhu. Zahanati si walisema malaria? Hata huyu sista alipima damu, akaona malaria.”

Sikuwa nimepima damu yoyote. Wote wakanigeukia. Rispa naye alinitazama, na hakuwa ananiomba. Alikuwa ameshaamua, na alichokuwa akingoja ni mimi nisimharibie.

Nikasema ndiyo, ilikuwa malaria.

Kukhu alianza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Shemeji mkubwa akatikisa kichwa, akasema basi ndivyo ilivyo, malaria ilimkuta mtoto hana nguvu kwa ajili ya njaa. Angekuwa amelishwa angepona. Rispa hakujitetea. Aliinamisha kichwa akayapokea yote, yale yaliyomleta maabara kuniomba msaada, akayapokea sasa kama yake. Wakaleta chai. Kukhu alikunywa, akala na kiazi. Nilipoona anatafuna nilirudisha changu kwenye sahani.

Rispa alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa akimtikisa mtoto mgongoni.

“Mimi bado kijana, sista, nitabeba. Yeye hawezi.”

Mzee Ambetsa alistaafu, akapewa blanketi lake. Nilimweleza yaliyotokea kule. Alisema tu kwamba hakuna mashine ya kupima jambo kama lile, kisha akanionyesha mara ya mwisho mahali pa kuipiga kofi ile ya sukari.

Mtoto wa pili wa Rispa alikuwa mvulana, aliitwa Wesonga. Aliponyonya alikuwa mzima. Ulipofika wakati wa kuonjeshwa maziwa ya ng'ombe Rispa alimleta kwangu upesi, kwa sababu alikuwa amemwona akitoka jasho baada ya kijiko cha pili, na mama huyu hakuhitaji kuona zaidi. Nilimchukua damu mimi mwenyewe, nikaipeleka mezani mwenyewe. Floraidi, kuzungusha, kupasha. Nilisimama nikiangalia rangi ya waridi ikija hafifu, ikija vibaya, nikaomba Mungu iwe mashine. Nikapima tena. Haikuwa mashine.

Nilipomwambia, Rispa aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akamfunga mtoto vizuri kwenye leso, akaniuliza swali moja tu.

“Tutamwambiaje Kukhu sasa?”

Mtoto akibaki bomani, bibi atamlisha mjukuu, kwa upendo uleule, siku mama akiwa mtoni au sokoni. Rispa akieleza sababu ya kumkataza, Kukhu ataelewa mara moja kwamba haikuwa malaria. Mumewe asingeweza kukabidhiwa siri, si kwa ubaya, ila hakuwa mtu wa kumtazama mama yake machoni na kuficha kitu. Tuliigeuza habari ile huku na huku mpaka wagonjwa wengine wakaanza kukohoa kunikumbusha kwamba wapo.

Rispa hakurudi Ekero. Alikwenda kwa kaka yake karibu na Bukura, akamlea Wesonga kwa uji wa muhogo na viazi, bila dawa, kwa kumchunga tu. Mumewe alimfuata, akambembeleza, akauliza kosa lake ni nini. Hakumwambia. Alirudi mara nyingine akiwa amefuatana na wazee, nao hakuwaambia. Ndoa ikafa hivyo, na kule kwenye miwa ikajulikana kwamba mwanamke aliyeua mtoto mmoja kwa njaa amemtorosha wa pili. Aliniletea Wesonga kupimwa muda wote ambao dawa za kupimia zilikuwapo. Alikuwa akianguka mara chache, ila kila kuanguka kulimwachia kitu pungufu, na alichelewa sana kusema. Kisha dawa za kupimia zikakatika, nikawa namwambia aje wiki ijayo, na wiki ijayo namwambia vilevile, mpaka akaacha kuja. Sijui walifika wapi. Ninyi mnaodhani mashine mpya imemaliza shida, jueni kwamba mgonjwa anayerudishwa nyumbani kwa kukosa dawa ya kupimia haachi alama yoyote popote.

Ilikuwa kabla hatujafunga miaka ile ya tisini Kukhu alipokuja maabara. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekuja mjini na watu wa kanisa lao, akawaomba wamngoje, akaulizauliza mpaka akanipata. Alikuwa amezeeka, lakini alikuwa na mwili, anakula. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniambia ananikumbuka, kwamba nilikwenda kwake siku ngumu nikasema ukweli, na kwamba tangu siku ile huniombea kanisani. Halafu akaniuliza kama namwonaga Rispa. Nikasema siku nyingi sijamwona.

Akauliza alimkosea nini yule msichana. Alikuwa amefikiri sana, alisema, usiku na mchana. Alimpenda kama binti yake. Hakuwahi kumrushia neno la njaa, waliosema ni wale wanaume, na aliwakemea. Kama kuna neno lilimtoka bila kujua, anataka aombe msamaha kabla hajafa, na amwone mjukuu wake.

“Hukumkosea kitu, Kukhu,” nikamwambia.

Alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa safi kabisa, ya mtu anayelala usingizi mzuri.

“Basi mbona harudi?”